Papa anasikia sauti lakini hashiki maneno: jibu kwa dada wa Ndosho

Dada mmoja wa hapa kwetu Goma aliniandikia hivi: "Docta, jambo. Niko Ndosho. Papa yetu ana miaka 63, alifanya kazi ku mashini ya kusaga unga kule Birere zaidi ya miaka 20. Siku hizi ukimuita anageuka, lakini ukimwambia kitu anajibu kitu ingine kabisa. Televizyo anaipandisha mpaka majirani wanalalamika, kanisani aliachaka kwenda, anasema hafuati kitu. Mama anasema ni kiburi, kaka yangu anasema ni uzee tu, shangazi anataka tumutie mafuta ya moto mu sikio. Kuna mutu karibu na mupaka anauzisha apareyi ya masikio dola 40. Tununue? Na masikio yake itarudia?"

Dada, jambo sana. Umusalimie papa, lakini usimusalimie ukiwa jikoni ama nyuma yake, enda mbele yake mahali iko mwangaza, akuone mudomo, ndio umusalimie. Nitafika ku ile sababu. Na nikwambie mapema kama mimi siko docta, niko muuguzi, kazi yangu ni kupima masikio, basi yenye nitasema hapa ni ile naonaka ku meza yangu kila siku, lakini papa lazima apate mutu wa kumuchungulia ndani ya sikio na taa, hiyo hakuna mwenye anaweza kuifanya mu telefone.

Nianze na kiburi, juu hiyo ndio imeniuma. Mama yako hasemi kwa roho mbaya, anasema vile anaona. Akiita, muzee anageuka, sasa akimuuliza kama atakula sombe ama maharagi anajibiwa habari ya mvua. Halafu siku moja nyumba imenyamaza, umeme hakuna, redio hakuna, watu wawili wanaongea habari yake polepole hapo karibu na anadaka yote! Hapo kesi inaishaka, kila mutu anasema "si munaona, anasikia yenye anataka." Nimeisikia hii hadithi mu familia nyingi sana na karibu kila mara muzee hakuwa na kosa. Mu nyumba yenye imenyamaza, mutu mmoja anaongea, sikio mbovu inaweza kufanya kazi nzuri. Weka hapo batoto wawili wanacheza, sufuria, moto inapita barabarani, basi imeisha. Si kama anachagua, sikio yake ndio inachagua bila kumuuliza.

Nikupe mufano. Kulikuja muzee mmoja, muuza makala, aliletwa na binti yake kama wewe, binti anasema wateja wanamuiba papa juu hesabu zake hazitoki. Nilikaa mbele yake hatua moja, nikaficha mudomo na karatasi, nikaanza kumutajia namba. Kumi, akasema kumi. Saba, akasema saba. Nane, sawa. Nikasema sita, akasema tisa. Nikasema tisa, akasema sita. Tena hakuwaza-waza, alijibu na hakika yote, kama mutu mwenye anajua. Binti akaanza kulia pale pale, juu alielewa sasa: hakuna mwenye alimuiba, mteja alisema sita, muzee alisikia tisa, wakagombana, na kila mmoja alikuwa na ukweli wake.

Angalia vizuri hizo namba mbili. Sita, tisa. Voweli ni zile zile, i na a, na zinafuatana vile vile. Kitu inazitofautisha ni s na t tu, na s ni sauti ya juu-juu sana na nyembamba, nguvu yake iko zaidi kule juu ya hertzi 4,000 (hertzi ndio inapima kama sauti iko juu ama chini), wakati voweli ziko chini na ziko na nguvu. Mutu mwenye alipoteza sauti za juu anabakia na voweli. Anasikia kama unaongea, anasikia hata wimbo ya sentensi yako, kama unauliza ama unakasirika, lakini zile s, f, sh, t, k zenye zinakata neno na kulipa maana, hazifiki. Kwa hiyo papa yako hakudanganya akisema kanisani "hafuati kitu." Anasikia mchungaji anaimba voweli saa mbili nzima. Na mu Kifaransa ni vile vile, sis (sita) na dis (kumi) zinamuchanganya mutu ku soko kila siku.

Na sauti ya mwanamuke na ya mutoto iko juu kuliko ya mwanaume. Ndio maana mu nyumba moja mama anasema hasikii kabisa na kaka mwenye sauti nzito anasema ni kidogo tu, uzee. Wote wanasema kweli ya yenye waliona. Kaka yako anasikiwa zaidi, si kama anapendwa zaidi.

Sasa tuende ku mashini. Wewe uliandika "miaka 20" kama kitu ya kupita tu, lakini mimi nilisoma hapo mara mbili. Mutu mwenye hajaingia mu nyumba ya mashini ya kusaga hawezi kuelewa: mahindi inaingia juu, unga inapanda mpaka ku kope, ukuta inatetemeka, na watu wenye wako hatua moja wanaongea na vidole. Hiyo ya vidole ndio kipimo yenyewe. Kama mutu yuko karibu na wewe kama urefu ya mukono na lazima upige kelele ndio asikie, jua hapo kelele imepita kama desibeli 85 (desibeli ndio inapima nguvu ya kelele), na masikio imeanza kuhesabiwa saa. Ku 85 unaweza kukaa saa 8 kwa siku. Ikipanda 3 tu, ikafika 88, ile saa inakatwa nusu, unabakia na 4. Ku 91 unabakia na 2, ku 94 saa moja, na ku 100 ni dakika 15 peke yake halafu utoke. Papa yako alikaa pale asubuhi mpaka jioni, siku sita kwa wiki, na nina hakika hakuna mwenye alimupatia kitu ya kuziba masikio, juu hakuna mwenye anafanyaka hivyo.

Ndani kabisa ya sikio kuna kitu imejikunja kama konokono, ndogo kama njegere, na ndani yake kuna seli kama 15,000 zenye nywele fupi sana ku kichwa. Sauti ikiingia, maji ya ndani inatikisika, zile nywele zinainama na kusimama, na hapo ndio ubongo inapata habari. Seli za sauti za juu ziko pa mulango, za sauti za chini ziko mwisho kule ndani. Waza nyasi yenye iko pa mulango ya nyumba, kila mwenye anaingia anaikanyaga, hata kama anaenda chumba ya mwisho. Siku ya kwanza inalala, kesho inasimama tena. Ndio ile papa alikuwa anarudia nyumbani jioni masikio "imeziba", inalia nzzzz, na asubuhi yuko muzima, akawaza hakuna shida. Miaka inapita, kuna asubuhi nyasi haisimami tena.

Na haioti. Hili nakuambia bila kuzunguka juu uliuliza waziwazi: kama ni zile seli zilikufa, masikio haitarudia. Kuku akipoteza zile seli zinaota tena, ndege wote wako hivyo, lakini mutu hapana, zenye ulizaliwa nazo ndio zile mpaka mwisho. Mutu akikuuzishia mafuta, majani, vidonge ama maombi ya kulipa akikuambia sikio ya kelele itarudia, amekula franga yako. Lakini usikate tamaa bado, juu hatujui kama ni hiyo peke yake.

Maana kuna shida za sikio zenye zinatibika kabisa, na mutu wa mashini anaweza kuwa nazo juu ya ile ingine. Ya kwanza ni uchafu ya sikio. Ile nta si uchafu ya kweli, mwili inaitengeneza makusudi, inadaka vumbi na wadudu na inatoka yenyewe polepole. Lakini changanya na unga ya miaka 20 na vumbi nyeusi ya volkeno yenye iko kila mahali hapa Goma, halafu mutu anasukuma ndani na kifuniko ya biki, na ufunguo, na kiberiti, na vijiti vya kotoni. Inakuwa bushoni kama udongo yenye imekauka. Nimeshatoa bushoni mu sikio ya mutu na akaruka ku kiti juu alisikia mvua ku mabati. Kwa hiyo kabla ya yote papa achunguliwe. Ya pili ni ngoma ya sikio yenye imetoboka, ya tatu ni maji ama usaha nyuma ya ngoma, ya ine ni vile vifupa vitatu vya ndani, kamoja ni kama milimita 3 tu, vinaweza kushikamana ama kuvunjika na docta wa ORL (wa masikio, pua na koo) anaweza kuvifanyia operasyo.

Ndio maana mafuta ya moto ya shangazi, tafadhali, hapana. Najua anamupenda kaka yake. Lakini kama kuna tundu ku ngoma, ile mafuta itapita moja kwa moja mpaka ndani na kuchoma kule kwenye hakurekebishwi. Si mafuta, si petroli, si maziwa ya mama mwenye ananyonyesha, si maji ya kitunguu. Mimi napokea watoto kila mwezi sikio inatoa usaha na nyuma yake kuna hadithi ya bibi na mafuta.

Kuna na dawa. Uliza mama vizuri, na usiharakishe hapo: mu hii miaka papa alichomwaka sindano gani? Jentamisini inauzwa mu farmasi za mu kartie kama pipi, mutu ana homa, anachomwa siku saba bila kipimo. Ile dawa inaokoa watu kweli, ku mutoto mchanga mwenye ana ugonjwa ya damu ni dawa nzuri, lakini inaweza kuua zile seli za mu konokono na hazirudii, zaidi kama figo ni dhaifu ama dozi ilikuwa mingi. Streptomisini na kanamisini za kifua kikuu ziko familia moja, na OMS, shirika la afya la dunia, ilishasema kanamisini iachwe mu dawa za kifua kikuu sugu. Kinini na yenyewe inaliza masikio, kila mutu wa hapa mwenye aliwekewa serumu ya malaria anaijua ile nzzzz, lakini hiyo mara nyingi inaondoka dawa ikiisha. Furosemidi ya wagonjwa wa moyo pia. Usimwambie papa aache dawa yake yoyote bila docta, nataka tu ile orodha iandikwe ku karatasi na uende nayo. Na wamupime sukari na tension, juu hizo zinaharibu mishipa midogo ya sikio bila kelele yoyote.

Basi, kipimo yenyewe. Inaitwa odiogramu. Atavaa ekuteri kubwa, atasikia vipipi vidogo, kila akisikia anainua mukono. Haiumi, ni kama nusu saa. Karatasi itatoka na michoro miwili, duara nyekundu ni sikio ya kuume, msalaba ya bluu ni ya kushoto. Mustari ikiwa juu ni vizuri, ikishuka ni vibaya. Ku mutu wa mashini tunaonaka mustari inatembea vizuri, inatembea, halafu karibu na hertzi 4,000 inaanguka kama mutu ameingia mu shimo, wakati ingine inapanda kidogo tena ku 8,000. Hiyo shimo ni kama sahihi ya kelele. Uzee peke yake inashuka polepole bila kupanda tena. Papa yako ku miaka 63 anaweza kuwa na zote mbili, basi hata kaka yako hakukosea sana.

Apareyi ya dola 40. Usinunue. Nasema hivyo nikijua 40 ni pesa, na kama tungekuwa na hakika itamusaidia ningekuambia ukope. Ile kitu inapandisha sauti zote sawa. Sasa papa hakosi sauti zote, anakosa za juu, za chini anazisikia vizuri kama wewe. Ukimuvalisha ile, moto ya barabarani itakuwa kama ndege inatua mu salon, sufuria itakuwa risasi, na ile s ya tisa bado haifiki. Siku ya tatu ataivua na kuiweka mu droo, na kuanzia hapo ukimwambia habari ya apareyi ya kweli atakuambia "nilishajaribu, haisaidii." Hiyo ndio hasara yake kubwa, na zile za bei rahisi zenye hazina kikomo zinaweza hata kuendelea kumuharibu.

Apareyi ya kweli inapangwa kufuatana na ile karatasi yake, inapandisha pale pa shimo na kuacha pengine, na inajua kusimama kelele kubwa ikija. Kama wanaweza kupata mbili ni vizuri kuliko moja, juu na masikio mawili ndio ubongo inajua sauti inatoka upande gani. Na hata hiyo ya kweli haimurudishii masikio ya kijana. Wiki za kwanza atachoka, atalalamika kama karatasi inalia sana, kama hatua zake mwenyewe zinamusumbua, juu ubongo yake ilisahau hizo sauti. Aanze nyumbani saa moja ama mbili na mutu mmoja, aongeze polepole, soko na kanisa ziwe za mwisho. Wengi wanaachaka pale ku siku kumi za kwanza na familia inasema pesa imepotea.

Kabla ya kulipa, uliza swali moja tu: batri nitazipata wapi hapa Goma? Uliza namba yake. Ziko za rangi, 675 ni bluu, 13 ni ya machungwa, 312 ni kahawia, na haziingiliani. Ziko na kikaratasi kidogo nyuma, ukikivua hewa inaingia na batri inaamka, ngoja dakika moja kabla ya kuiweka. Ukirudisha kikaratasi hailali tena, basi usivue kama hauna haja. Nyingi zinafika wiki moja mpaka mbili. Na ziwekwe mbali kabisa na watoto, mutoto akimeza batri ya kidonge ni mbio ku opitali saa ile ile, inachoma koo. Kama ni ya kuchaji, waza umeme ya kwenu kwanza. Usiku aivue, aipanguse na kitambaa kikavu, aiweke mu kikopo yenye inafunga pamoja na vile vifuko vidogo vya silika vyenye unatoaka mu viatu vipya, juu mu kipindi ya mvua unyevu inaua apareyi mbio.

Sasa nyumba, na hapa ndio nataka ukae chini usome na mama. Hata apareyi ya bei kali mu nyumba yenye haijui kuongea naye haitamufikisha mbali, na nyumba yenye inajua inaweza kumusaidia hata leo jioni, bila franga hata moja. Mumuite jina kwanza, mungoje ageuke, ndio museme. Mukae upande ya sikio yake nzuri kama kuna yenye inazidi. Zimeni redio, si kupunguza, kuzima. Musipige kelele: sikio yake iko na kitu ya ajabu, polepole haisikii, ukipandisha kidogo inamuumiza, ndio ile anakuambia "sema!" halafu "mbona unanigombeza?" Ongea kawaida, polepole kidogo, na kama hakudaka usirudilie maneno yale yale mara tatu, badilisha. "Maharagi imeiva" haikupita, sema "tukule sasa". Namba onyesheni na vidole, juu sita na tisa hata ku mudomo zinafanana. Na ile "acha tu, haina maana" muiondoe mu nyumba yenu kabisa. Mutu akiuliza mulichekea nini na anaambiwa "acha tu", hataanza kusikia vizuri, ataanza kukaa chumbani.

Nilisema nitarudi ku mwangaza. Papa sasa anasikia na macho nusu. Anasoma midomo hata kama hajui kama anasoma, b na p na m anaziona zikifunga. Umeme ikikatika saa moja usiku, ninyi munabakia na maongezi, yeye anabakia peke yake mu giza na voweli. Muweke taa karibu na sura ya mwenye anaongea, si karibu na papa. Nimeona familia yenye ilibadilisha hicho kitu kimoja tu, taa ya solari ilitoka ku ukuta ikaja ku meza, na muzee akarudia kukaa na watu usiku.

Na kwa hapa Goma kuna ya usalama. Munakumbuka 2021, volkeno ililipuka tarehe 22 mei, na siku tano nyuma, tarehe 27, watu wakaambiwa wahame. Habari ilipita ku redio, ku telefone, ku kelele ya majirani. Mwenye hasikii anaamka anakuta nyumba iko wazi. Chagueni leo nani atamugusa papa usiku na alama gani, kwa mufano mikono miwili ku bega maana yake amuka tutoke. Mumuonyeshe, mufanye mazoezi mara moja mu giza.

Kuacha kanisa kumenisumbua kuliko televizyo. Mutu akiacha watu, ubongo inakosa kazi. Wataalamu wa jarida la Lancet mu 2024 waliweka kupoteza kusikia kati ya sababu 14 zenye mutu anaweza kupigana nazo ili apunguze hatari ya kupoteza akili uzeeni. Haina maana papa atapoteza akili. Ina maana kumurudisha ku watu ni dawa. Enda na mchungaji wenu mapema, omba kiti ya mbele lakini mbali na bafle (spika kubwa), maana zile bafle za makanisa yetu zinaharibu hata vijana wenye wanasikia, na omba mutu amupe mustari ya Biblia mapema ku karatasi. Mutu akishajua habari ni ya nini, anajazia mwenyewe sehemu kubwa.

Papa akiona haya, mwambie habari ya Andrew Foster. Mumarekani mweusi, alipoteza kusikia akiwa na miaka 11 juu ya meninjiti, akasoma, akaanza shule ya viziwi Ghana mu 1957, halafu zaidi ya 30 mu Afrika, na hapa Kongo alifika pia. Alikufa mu 1987 ndege ikianguka Rwanda, hapa ng'ambo yetu. Mutu mwenye hakusikia ndiye alifundisha watoto wetu wenye hawasikii, wakati wengine wanaitwa bubu na kufichwa nyuma ya nyumba.

Mambo machache yenye hayangoji. Sikio ikizima ghafla, jana ilisikia leo hapana, hiyo si ya kesho, ni ya leo, kuna dawa yenye inapashwa kuanza mu siku chache za kwanza na nyuma ya wiki mbili inakuwa ngumu. Sikio yenye inatoa usaha yenye kunuka, uso umepinda, kizunguzungu kikali, vile vile. Na wale wenye masikio inalia tangu mabomu ya januari 2025, nimeona wengi, kama ngoja-ngoja ndio dawa yenu mupimwe tafadhali. Ngoma yenye ilipasuka na mushindo mara nyingi inajifunga yenyewe mu wiki kadhaa mpaka miezi mitatu, lakini maji isiingie, hakuna kuogelea Kivu, na mutu akioga aweke kotoni yenye imepakwa vazelini pa mulango ya sikio tu.

Halafu kuna kitu hukuandika: kaka yako ndiye amerithi ile kazi ya mashini? Kama ni yeye, huyo bado ana kitu ya kuokoa. Anunue kaske ya masikio ya wafanyakazi ama bushoni za sponji, ile unavingirisha na vidole, unavuta sikio juu, unaingiza, unashika mpaka inajaza. Kotoni ya kawaida haizuii kitu. Atoke nje kila saa dakika kumi, na abadilishane na mutu.

Kwa hiyo wiki hii: opitali yenye iko na docta wa ORL, na orodha ya dawa, na papa mwenyewe ajibu maswali, usimujibie. Wakimutoa bushoni na bado, waombe odiogramu. Ukiipata niandikie namba za 500, 1,000, 2,000 na 4,000 za kila sikio, na hapo tutaongea vizuri habari ya apareyi.